Ukimya wa mjane si ridhaa

KATIKA kaunti za Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, wapo wanawake watu wazima walioingiliwa bila hiari yao, lakini jamii haisemi walibakwa. Tendo hilo huitwa mila.

Kwa desturi ya jadi ya Waluo, ambayo familia nyingi zimeiacha, mjane hutakiwa kulala na mwanamume ili “atakaswe”, kisha arithiwe na jater, yaani mrithi wa mjane. Wapo wanaokubali kwa hiari. Anayekataa huonywa kuwa chira, mkosi wa kuvunja mwiko, utawapata watoto wake. Huenda pia akazuiwa kujenga nyumba au kupanda shamba. Hofu humnyamazisha, na wakwe huuhesabu ukimya huo kuwa kibali.

Sheria haikubaliani nao. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaeleza kuwa aliyeridhia ni yule aliyekubali kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Nayo Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Kinyumbani ya 2015 inautaja utakasaji wa wajane na urithi wa lazima kuwa ni ukatili.

Hata hivyo, kumshtaki shemeji ni kukabiliana na ukoo mzima, ambao ndio wenye ardhi anayoilima mjane. Kwa hiyo anayeuliza mbona hakupiga kelele, na aulize kwanza: angekataa, yeye na wanawe wangelala wapi?