Jino Lililotoboka Hadi Ndani: Maumivu Yakinyamaza, Ugonjwa Haujaisha

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jino lililooza mpaka tundu likafika ndani kabisa, pale penye uhai wa jino. Ni ugonjwa usio mgeni katika nyumba zetu. Hapa Chuno, kama ilivyo Msimbati, Kitaya na vijiji vingine vya kuelekea mdomo wa mto Ruvuma, mtu akiumwa jino hutafuta cha kumtuliza usiku huo, na asubuhi akipata nafuu hurudi kwenye shughuli zake. Wengine husema, "Tukishauza korosho nitakwenda kwa daktari." Kisha siku moja maumivu hukoma yenyewe, na mgonjwa hushukuru akidhani amepona.

Hapo ndipo tunapopenda kuwatahadharisha. Jino lililokuwa linauma sana likanyamaza bila kutibiwa, mara nyingi halikupona. Limekufa ndani, na ugonjwa unaendelea kimya kimya.

JINO LIMEUMBWAJE

Jino si jiwe. Nje lina gamba gumu kuliko mfupa wowote mwilini, na gamba hilo halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo haliumi. Chini yake kuna tabaka la pili lenye rangi ya manjano, laini kidogo kuliko gamba. Katikati kabisa kuna kiini cha jino, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo hushuka ndani ya mizizi hadi kwenye mfupa wa taya.

Wazee wetu walisema jino linaliwa na mdudu. Ukweli ni kwamba jino huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi katika utando unaoganda juu ya meno. Tukila sukari, navyo vinakula, kisha vinatoa asidi inayolainisha gamba. Kila tunapoonja kitu kitamu, asidi huanza upya. Ndiyo maana mtoto anayenyonya pipi au kunywa soda kidogo kidogo siku nzima anaumia zaidi kuliko yule anayepewa kitu kitamu mara moja, pamoja na chakula.

HATUA TATU ZA KUTAMBUA

Hatua ya kwanza: jino linashtuka ukinywa maji baridi au ukila kitu kitamu, lakini maumivu yanakwisha baada ya muda mfupi sana. Kiini kimekasirika, ila bado kinaweza kupona.

Hatua ya pili: maumivu yanakuja yenyewe bila kuguswa, yanadumu, yanapanda hadi sikioni, na yanazidi usiku unapolala kwa sababu damu huongezeka kichwani. Kiini kimevimba ndani ya chumba kigumu kisichoweza kutanuka. Hapa kiini chote au sehemu yake haiwezi tena kurudi katika hali yake.

Hatua ya tatu: jino linanyamaza. Kiini kimekufa. Vijidudu vinapita kwenye mizizi na kutoka chini, ambako vinaunda usaha. Baada ya wiki, miezi au hata miaka, kinatokea kijipu kwenye ufizi, jino linauma ukitafuna, au shavu linavimba.

DAKTARI ANAWEZA KUFANYA NINI

Wengi wetu huogopa kwenda kwa daktari wa meno tukidhani kazi yake ni kung'oa tu. Sivyo. Jibu linategemea hatua uliyofika.

1. Kuziba. Kama tundu ni refu lakini halijagusa kiini, daktari husafisha uozo na kuziba. Siku hizi hashauriwi kukwangua kila chembe iliyolainika karibu na kiini, maana anaweza kukitoboa bure. Huacha kidogo pale chini na kuziba vizuri juu, ili vijidudu vilivyobaki vikose chakula. Tanzania ina sehemu yake katika habari hii: katikati ya miaka ya 1980 ilianzishwa hapa nchini mbinu ya kusafisha jino kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na kuliziba kwa saruji maalumu ya meno. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza, na leo inatumika katika nchi nyingi. Lakini mbinu hiyo si ya jino ambalo kiini chake kimeshakuwa wazi. Faida yake ni kwa anayewahi.

2. Kufunika kiini. Kiini kikiwa wazi kwa sehemu ndogo na bado ni kizima, daktari anaweza kukifunika kwa dawa maalumu, nyingine za jamii ya chokaa (si chokaa ya ukutani wala ya tambuu!), kisha akaziba juu. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Panya wa kawaida viini vyao vilikufa. Panya waliolelewa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja, viini vyao vilijijengea ukuta mpya na kupona, ingawa tundu liliachwa wazi. Kumbe adui wa kiini ni vijidudu vinavyoingia kupitia tundu hilo. Kila siku tundu linapokaa wazi, wanaingia wengi zaidi.

3. Kutoa sehemu ya juu ya kiini. Sehemu iliyougua hukatwa, na ile iliyo hai ndani ya mizizi huachwa na kufunikwa kwa dawa. Njia hii huwafaa sana watoto.

4. Kusafisha mizizi. Kiini kikishakufa, daktari hukiondoa chote, husafisha njia za mizizi, huzijaza na kuziba. Jino la mbele huwa na njia moja, kwa hiyo kazi ni nyepesi. Gego huweza kuwa na njia tatu au nne, hivyo huhitaji muda, picha ya eksirei na fedha zaidi. Baadaye jino hilo lazima lizibwe kwa uimara au livikwe kofia, la sivyo huvunjika.

5. Kung'oa. Jino likiwa limebomoka sana, au kama njia nyingine haziwezekani, kung'oa ni tiba halali wala si aibu. Kubaya ni kukaa na jino bovu mdomoni.

Angalieni basi hesabu yake. Jino ambalo mwezi wa sita lingezibwa kwa mara moja, likisubiri msimu wa korosho huenda likahitaji kusafishwa mizizi au kung'olewa. Kusubiri fedha kunaongeza gharama.

MENO YA WATOTO

Wazazi wengi husema, "Hilo ni la utoto, litang'oka tu." Tukumbuke mambo mawili. Kwanza, magego ya utoto hukaa mpaka mtoto afikie miaka 10 hadi 12, nayo hulinda nafasi ya meno yajayo. Usaha chini yake unaweza kuharibu jino la ukubwa linaloumbika pale chini.

Pili, mtoto akifikia karibu miaka 6, nyuma ya magego ya utoto huota gego jipya bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hawalitambui. Hilo ni la ukubwa! Likipotea, halioti jingine. Mizizi yake huchukua miaka kama mitatu kukamilika, kwa hiyo likitoboka mapema, daktari hujitahidi kuokoa kiini ili mizizi iendelee kukua. Akina mama na akina baba, mchunguzeni leo mtoto wenu wa darasa la kwanza.

YA NYUMBANI

Usiku wa maumivu, suuza kwa maji vuguvugu yenye chumvi, ondoa mabaki ya chakula, na lala ukiwa umeinua kichwa. Parasetamoli husaidia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kulingana na umri. Usiweke aspirini juu ya ufizi, maana huunguza. Wala mtoto asipewe aspirini. Maji ya betri, petroli na ugoro visikaribie jino kabisa.

Usinunue vidonge vya kuua vijidudu dukani kwa ajili ya jino. Kiini kilichokufa hakina damu ya kupeleka dawa ndani. Uvimbe unaweza kupungua, lakini chanzo kinabaki na ugonjwa hurudi. Vidonge hivyo daktari huviandika pale ugonjwa unapoenea mwilini.

Mama mjamzito anaweza kutibiwa jino. Amweleze tu daktari kwamba ana mimba. Mwenye kisukari naye asikawie.

DALILI ZA HATARI

Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona: uvimbe chini ya taya au shingoni, ulimi kuinuliwa juu, shida ya kumeza, kupumua au kufungua mdomo, jicho kufungwa na uvimbe, au homa kali pamoja na uvimbe wa uso. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Sisi wa Chuno tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, katika manispaa yetu hii hii. Walio mbali waanzie zahanati au kituo cha afya, na waulize mapema daktari wa meno anapatikana wapi na siku gani. Mwenye bima ya afya aulize matibabu gani yanalipiwa.

Tupige mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Na jino likishtuka kwa maji baridi, tusingoje linyamaze.