Tike ya kwenda tu: viza iko, paspoti iko, lakini mlango unafungwa

MBOKO (Fizi). Kwetu huku kusafiri si jambo geni. Asubuhi ukisimama pwani ya Mboko unaona boti zinapakia samaki na mihogo. Mmoja anakwenda Uvira, mwingine Baraka, mwingine anavuka ziwa mpaka Rumonge ao Kigoma. Hakuna mwenye boti anayemuuliza abiria: « Utarudi siku gani? » Mtu analipa franga zake, anapanda. Akipenda kurudi, atatafuta boti ingine.

Ndiyo sababu watu wengi wa huku wanaposhika njia ya ndege wanawaza vilevile: nilipe ya kwenda kwanza, ya kurudi nitaitafuta nikifika. Kumbe ndege haifuate sheria ya boti.

Tulimkuta kijana mmoja hapa Mboko anashona nyavu za baba yake. Kabla ya korona alikuwa mchimbaji kule upande wa Misisi. Misimu mitatu aliingia shimoni, akaweka gramu kwa gramu. Akaongeza pesa za likelemba ya mama yake, akapata paspoti na viza ya matembezi ya Dubai ya siku 30. Komisionea mmoja akamuuzia tike kutoka Dar es Salaam. Ya kwenda tu, juu ilikuwa bei rahisi. Akavuka ziwa mpaka Kigoma, akapanda basi mpaka Dar, akafika kwenye uwanja wa ndege na koti mpya.

« Walinirudisha pale pale kwenye kaunta, » anatuambia. « Dada mmoja alitazama paspoti, akatazama mashine yake, akaniuliza: ya kurudi iko wapi? Nikasema sina. Akasema basi leo huendi. Viza iko, paspoti iko, tike iko, lakini ndege iliondoka nikiitazama. »

Tike ile haikuwa ya kurudishiwa pesa. Deni ya likelemba aliilipa kwa miaka miwili.

Mama yake mpaka leo anasema mwanae aliibiwa. Sisi tulimwambia polepole: hapana, mama, yule dada wa kaunta hakuiba. Alifuata sheria. Aliyekosa ni yule aliyeuza tike bila kueleza.

Kwa nini ndege inauliza?

Mwaka 1944 mataifa yalikutana Chicago, kule Marekani, wakaandika mkataba wa safari za ndege. Kitabu kimoja cha nyongeza ya mkataba ule, cha 9, kinaeleza namna abiria wanavyoingia na kutoka katika nchi. Kinaagiza kampuni ya ndege ihakikishe, kabla ya abiria kupanda, kwamba ana karatasi zote zinazotakiwa kule anakokwenda na kule anakopita. Abiria akikataliwa kule mbele, ni kampuni inayopaswa kumrudisha. Nchi nyingi zinaipiga na faini juu yake. Kisha kampuni ina haki ya kumdai abiria yule bei ya kumrudisha.

Sasa unaelewa kwa nini mtu wa kaunta ni mkali kuliko polisi wa mpaka. Anaogopa faini. Mbele yake kuna mashine inayosoma orodha ya sheria za nchi zote, inaitwa Timatic, ya shirika la IATA. Anaandika nchi ya paspoti, nchi ya kwenda, na aina ya viza. Mashine ikisema tike ya kurudi inahitajiwa, kulia hakusaidii.

Nchi nazo zina sababu yao. Viza ya matembezi ni ahadi: nitakuja, nitaona, nitarudi kwetu. Tike ya kurudi ni alama ya ahadi ile. Mwenye kufika bila tike hiyo wanamwona kama mtu anayetaka kubaki na kutafuta kazi. Ukweli tuuseme: mara nyingi ndivyo ilivyo. Kijana wetu wa Mboko naye hakuficha: « Nilitaka kazi, si kutembea. »

Dubai tangu wakati ule imekaza zaidi. Mwezi wa kumi 2022 wauza-safari walipashwa habari kwamba maombi ya viza ya raia wa nchi nyingi za Afrika, Kongo yetu ikiwa ndani, hayatapokelewa. Mwezi wa tano 2024 magazeti ya kule kule yakaandika kuhusu abiria waliozuiwa kupanda ndege sababu hawakuwa na vitu vitatu: tike ya kurudi, mahali pa kulala panapojulikana, na dirham 3.000, ni kusema kama dolari 800 na kidogo. Sheria hizi zinabadilika kila mara. Usisafiri na habari za mwaka jana.

Wachimbaji wanaosoma ukurasa huu wataona jambo moja linalouma. Dhahabu ya Kivu inafika Dubai kila siku, na hakuna anayeiomba tike ya kurudi. Mtu aliyeichimba ndiye anayeombwa.

Nani haombwi ya kurudi?

Si kila mtu anayetakiwa kuonyesha tike ya kurudi. Mwenye viza ya kazi, mwenye kibali cha kukaa, mwanafunzi aliyepokelewa, ao mke anayemfuata mume kwa karatasi za familia, hao mara nyingi wanaweza kusafiri na tike ya kwenda tu. Nchi inajua kwamba wanakuja kukaa.

Halafu kuna ndugu zetu wa Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, wakati vita vilipowavusha Wabembe na wengine wengi ziwa. Familia ngapi za hapa Mboko zina watu waliotoka kule wakapelekwa Marekani? Wale walipanda ndege na tike ya kwenda bila kurudi, na hakuna aliyewazuia. Walipokelewa kabla ya kuondoka.

Lakini hata tike ile haikuwa zawadi. Ni mkopo wa shirika la IOM. Mtu anaweka sahihi kabla ya kupanda, na baada ya miezi kama sita kule Marekani anaanza kulipa kidogo kidogo, bila riba. Kwa hiyo mama, mwanao akikuambia kwa simu kwamba mwezi huu hana kitu kwa sababu analipa ndege, usifikiri anakudanganya.

Tena, mwezi wa kwanza 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na hata watu waliokwisha kupewa tarehe ya ndege walibaki kambini. Mtu akija kwako leo kukuuzia « nafasi ya Nyarugusu » kwa pesa, mfukuze. Nafasi ile haiuzwi.

Tike ya kwenda tu yenye hatari

Katika nyumba ile ile ya kijana wetu tulikuta habari nyingine, na hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike. Dada yake mdogo, wa miaka 22, ameahidiwa kazi ya nyumbani katika nchi moja ya Waarabu. Komisionea mwingine amesema: paspoti tu ndiyo mtalipa, tike italipwa na tajiri. Ya kwenda tu.

Yule kaka alifurahi kwanza. « Yeye hawatamrudisha kama mimi, » alisema. Ni kweli. Na viza ya kazi, kaunta itamwacha apite. Lakini mlango wa kurudi ndio unaweza kufungwa.

Katika nchi nyingi za Ghuba, mfanyakazi anaingia chini ya jina la tajiri wake. Desturi ile inaitwa kafala. Tajiri amelipa tike na ada za komisionea, na wengine wanaona kwamba wamemnunua mtu. Mwezi wa kumi na moja 2017, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kwamba paspoti zao zilinyang'anywa, kazi ilikuwa ya masaa mengi bila siku ya kupumzika, na aliyetaka kurudi kabla ya mkataba kwisha alidaiwa arudishe pesa za kumleta. Oman iligeuza kanuni moja tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021: mfanyakazi aliyemaliza mkataba anaweza kwenda kwa tajiri mwingine bila ruhusa ya wa kwanza. Ni hatua. Lakini msichana aliyefungiwa ndani ya nyumba, bila simu na bila paspoti, sheria ile ataisomea wapi?

Hatusemi kila anayekwenda anapotea. Tunawajua waliojenga nyumba za bati kwa pesa za Ghuba. Tunasema: anayekwenda kutembea anaombwa ya kurudi na mlinzi wa mpaka. Anayekwenda kufanya kazi, ni familia yake inayopaswa kumwuliza.

Mambo ya kutazama kabla ya kutoa pesa

Kwanza, tofautisha tike na rezerve. Karatasi yenye jina lako na herufi na namba sita inaweza kuwa rezerve tu, na inaweza kufa baada ya siku moja. Tike iliyolipwa ina namba yake ya tarakimu 13. Iulize. Kisha piga simu ao mtume ndugu aliye mjini aende ofisi ya kampuni ya ndege yenyewe, si kwa komisionea, wamhakikishie.

Pili, tarehe ya kurudi iingie ndani ya siku za viza. Viza ya siku 30 na tike ya kurudi siku ya 45 ni sawa na kutokuwa na kitu.

Tatu, tike ya kuendelea mbele kwenda nchi ya tatu mara nyingi inakubaliwa kama ya kurudi, mradi nchi ile nayo ikupokee.

Ine, uliza kabla ya kulipa: nikishindwa kusafiri, pesa inarudi? Tarehe inaweza kugeuzwa? Tike ya bei rahisi mara nyingi hairudishi hata makuta.

Tano, usinunue tike ya kurudi ya uongo. Wapo wanaoitengeneza kwenye kompyuta. Kaunta wakiigundua, sasa si kosa la kukosa karatasi tena, ni kosa la kughushi.

Sita, ukipitia Kigoma, pigisha muhuri paspoti yako, na ubebe kadi ya manjano ya chanjo. Mtu aliyeingia Tanzania kimya kimya hawezi kutoka Dar kwa ndege bila maswali.

Saba, kwa anayekwenda kazini: mkataba usomwe nyumbani kabla ya safari, kwa lugha anayoielewa. Uandike mshahara, siku ya kupumzika, nani anashika paspoti, na nani analipa tike ya kurudi kazi ikiisha ao ikiharibika. Picha ya paspoti na ya mkataba ibaki kwa simu ya mama.

Siku tuliyoondoka Mboko, familia ile ilikuwa imekaa chini ya mwembe. Baba hakusema mengi. Kijana ndiye alimpigia komisionea simu mbele yetu, akaweka sauti kubwa, akamwuliza swali moja: « Mzee, ya kurudi ya dada yangu iko wapi? »

Yule mtu alisema mtandao ni mbaya, atapiga tena. Mpaka tunaandika habari hii hajapiga. Paspoti ya binti iko ndani ya sanduku la mama, chini ya vitenge, na ufunguo mama anaufunga kwenye kiuno.