Mchoro wa Nyuma ya Mlango wa Paneli

Mota iligoma saa kumi jioni, magunia ya kahawa mbivu yakiwa yamejipanga hadi nje ya banda. Arabika ya huku Mbinga ikichumwa asubuhi inatakiwa ipite kwenye mashine ya kumenya siku ileile. Ikilala na maganda yake inachacha, na bei inaanguka. Fundi alifungua mlango wa paneli, akamulika kwa tochi ya simu upande wa ndani, mahali unapobandikwa mchoro wa saketi. Karatasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni wino: kona moja imeliwa na unyevu, nyingine na mende, na katikati imebaki mistari minne ambayo hakuna aliyeweza kusema inatoka wapi na inakwenda wapi.

Saa tatu ziliishia katika kufuata waya mmoja baada ya mwingine, kwa kidole na kwa mita, wakulima wakisubiri kimya.

Ndani ya paneli ile mlikuwa na stata ya sta-delta, nayo si kitu kigumu kwa anayeijua. Kontakta ziko tatu: moja inaleta umeme, ya pili inaunganisha koili za mota kwa mtindo wa sta wakati wa kuanza, na ya tatu inapokea kwa mtindo wa delta taima ikishahesabu sekunde zake. Ikianza kwa sta, mota huvuta theluthi tu ya mkondo ambao ingeuvuta kama ingewashwa moja kwa moja kwa delta. Kijijini, mwisho wa laini, tofauti hiyo inaonekana hadi kwenye taa za majirani. Lakini kontakta ya sta na ya delta zikifunga kwa pamoja, fezi zinagongana. Kwa hiyo koili ya kila moja hupata umeme kwa kupitia kontakti ndogo ya mwenzake, ili moja ikiwa kazini nyingine isiweze kuamka. Kontakti hiyo, kitu cha ukubwa wa ncha ya kidole, ndiyo iliyokuwa imeungua. Kwa mchoro unaosomeka, fundi angeifikia mapema, jua likiwa bado juu.

Nikaahidi kuuchora upya. Ahadi ilitoka haraka. Swali la nichore kwa programu gani lilinichukua wiki tatu.

Swali hili si la Mbinga peke yake, ila huku lina uzito wake. Kwa miaka mingi Mkoa wa Ruvuma uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli na mitambo midogo ya maji. Mwaka 2018 laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea, na tangu hapo mashine za kumenya kahawa, za kusaga, za kuchomelea na pampu za maji zimezidi kuingia vijijini. Kila moja ina paneli, na kila paneli ilizaliwa na mchoro. Mashine zinatunzwa, zinapakwa grisi. Mchoro unaachwa kwa mende.

Kwanza nilifungua LibreOffice Draw, kwa kuwa ilikuwa tayari kwenye kompyuta. Kazi ikatoka nzuri ya kutazama. Kasoro ilijitokeza niliposogeza kontakta moja: mistari niliyoichora ikabaki nyuma, ikielea, na programu isiseme lolote. Kwake ule ulikuwa mstari tu. Haikujua kuwa ni waya. Draw na Inkscape zinafaa sana kwa picha ya kitabu, au kwa kuonyesha taa na soketi juu ya ramani ya nyumba ya vyumba vitatu. Kwenye paneli, programu isiyojua waya ni nini humwachia mchoraji kazi yote ya kukumbuka, naye mchoraji huchoka.

Nikahamia QElectroTech, programu huria iliyoanzia Ufaransa, iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi ya nyaya na paneli. Humo unaweka koili ya kontakta ukurasa wa kwanza, kontakti yake ukurasa wa pili, kisha unaiambia programu kuwa hizi ni za kifaa kimoja. Kuanzia hapo kila upande unaandika mwenzake yuko ukurasa gani, na ukibadilisha jina la koili, la kontakti linafuata. Ile kontakti ndogo iliyotupotezea saa tatu sasa ina anwani yake.

Hata hivyo sitamwambia kila mtu atumie hiyo. Shuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za lami zinazokutoa kwenye baridi ya milima ya Wamatengo hadi kwenye joto la ziwani, utakutana na kazi ya aina nyingine kabisa. Wavuvi wa usipa wanaovua usiku wanatumia taa za betri mahali pa karabai za zamani, na taa zikiharibika hupelekwa kwa mafundi wa redio na simu. Kijana mmoja nilimkuta akitengeneza saketi ya kuzima taa kabla betri haijakauka kabisa, maana betri inayokaushwa kila usiku haidumu. Mchoro wake ulikuwa nyuma ya kipande cha mfuko wa saruji. Huyu anahitaji KiCad, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras na baadaye kuongezewa nguvu na wahandisi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva. KiCad inakagua mchoro na kukuonyesha mguu ambao haujaunganishwa. Kisha mchoro uleule unakuwa bodi yenye vipimo, ambayo unaweza kuichapa kwa ukubwa wake halisi ukaweka vifaa juu ya karatasi kuona kama vinakaa.

Tatizo lake ni uzito. Kuipakua pamoja na maktaba zake kunakula kama gigabaiti nzima, na mwenye bando la wiki ataona uchungu. Kijana yule nilimpelekea kwenye flashi. Kwa programu huria hilo ni halali kabisa, na kwangu ni sababu kubwa ya kuzichagua: fundi mmoja akipakua, mji mzima umepata.

Nina sababu nyingine, nayo iliniuma. Miaka ya nyuma nilichora michoro mingi kwa programu ya kulipia niliyowekewa na jamaa mmoja, leseni yake ikiwa ya kuvunjwa. Siku moja ikakataa kufunguka, na faili zangu hazikusomeka kwingine. Kazi ya karibu mwaka mzima ikafungiwa ndani ya sanduku nisilo na ufunguo wake. Hata aliyelipa kihalali hana uhakika: EAGLE, programu ya bodi iliyotoka Ujerumani mwaka 1988 na iliyokuwa ikipendwa na wengi, ilinunuliwa na Autodesk mwaka 2016, na mwaka 2023 kampuni ikatangaza kuwa itaiondoa tarehe 7 Juni 2026. Faili za QElectroTech na KiCad ni maandishi matupu. Programu zenyewe zikifa kesho, bado mtu atafungua faili kwa kihariri chochote cha maandishi na kusoma kilichomo.

Nikaongeza kanuni moja yangu: mchoro hautoki kwangu bila nakala ya PDF. Steshenari ya mjini haina QElectroTech, na haina sababu ya kuwa nayo.

Alama nazo zina mambo yake. Wamarekani huchora kizuizi cha umeme kwa mstari wa zigizaga. Viwango vya kimataifa, ambavyo vyuo vyetu vya ufundi hufundisha, huchora kisanduku chembamba. KiCad inazo zote mbili. Chagua moja, ubaki nayo hadi mwisho wa ukurasa.

Nikichora jioni huwa nawafikiria Wamatengo wanavyoandaa ngoro, mashimo yao ya kulimia mlimani. Kabla jembe halijachimba shimo, nyasi zilizokatwa hupangwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatizana, mlima mzima ukawa kama daftari la hesabu. Udongo unafuata mistari ile. Hao walijua kuchora kwanza kabla kompyuta haijawaziwa.

Nilirudi bandani na nakala tatu zilizofunikwa kwa plastiki: moja ya mlangoni, moja ya ofisi ya chama cha ushirika, moja ya fundi. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani na kuusoma mchoro kimya, kidole kikitembea kutoka fyuzi hadi taima.

“Mwanangu, huu waya wa kumi na nne hauji huku,” akasema. “Unapitia kwenye ova-lodi kwanza.”

Tulifungua paneli, tukapima. Alikuwa sahihi. Akaurekebisha kwa kalamu ya wino mzito juu ya plastiki, nami usiku ule nikaurekebisha kwenye faili na kutuma PDF mpya. Kona ya chini kulia sasa imeandikwa: toleo la 2, waya 14 umesahihishwa na fundi.