Risasi nzito na mnyama mkubwa: kishindo siyo nguvu

Vijana wenzangu wa Kabambare na Kasongo, ninyi mnaosoma bado na ninyi mliokwisha kupata diploma, leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tumeliona kwa wazee bila kuuliza linafanyaje kazi.

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili. Ni madini laini ya kijivu yanayoyeyuka upesi motoni. Tena ni kile kitu kinachotoka mdomoni mwa bunduki, ambacho sisi huku tumezoea kukiita masasi. Sababu ya jina moja ni rahisi: kwa miaka mingi kitu cha pili kilitengenezwa kwa kile cha kwanza. Mwindaji aliyeyusha risasi, akaimimina katika kalibu, ikapoa, akatoa gololi yake. Huko Alaska, Marekani, kuna watu wanaofanya hivyo mpaka leo: wanasubu wenyewe risasi nzito za bastola ili wajikinge na dubu.

Kwetu dubu hakuna. Kuna mbogo, kuna kiboko. Lakini swali ni lile lile: mnyama mwenye kilo mia tano anapokujia, ni kitu gani hasa kinamsimamisha? Wengi watajibu: bunduki yenye kishindo kikubwa. Hapo ndipo kosa linapoanzia, na kosa hilo linalipwa kwa uhai.

Bunduki zilivyofika kwetu

Bunduki ziliingia Maniema zikifuata pembe za ndovu. Livingstone alipokwama Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, kati ya 1869 na 1871, wafanyabiashara wa pembe kutoka pwani walikuwa tayari wanazunguka nchi hii. Hamed bin Muhammad, aliyefanya Kasongo makao yake, tunamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, na mwenyewe alieleza kwamba jina hilo limetokana na mlio wa bunduki zake. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, watu wa wafanyabiashara waliufyatulia umati uliokuja kununua na kuuza, na mamia walikufa, wengi wakizama Lualaba. Basi kumbukumbu yetu ya kwanza ya bunduki ni sauti na hofu.

Halafu ukaja mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotungwa kupinga biashara ya watumwa. Mkataba ule ulizuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoweza kuendelea kuuzwa, tena kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Hiyo ni sababu moja iliyofanya bunduki ya kushindilia kwa mdomo, ile ndugu zetu wa Tanzania wanayoiita gobore, ikae vijijini muda mrefu hata wakati Ulaya walikwisha kuiacha.

Namba 12 maana yake nini?

Wengi mmesikia kalibri 12. Je, 12 ya nini? Siyo milimeta. Ni hesabu ya zamani: chukua ratili moja ya risasi tupu, karibu gramu 454, uigawe katika gololi 12 zilizo sawa. Gololi moja ina gramu 38 hivi, na upana wake, milimeta 18.5, ndio upana wa mtutu. Kwa hiyo namba ikipungua, gololi inakuwa kubwa. Kalibri 4 ni gololi nne tu kwa ratili: kila moja gramu 113, upana zaidi ya milimeta 26.

Frederick Selous, Mwingereza, aliwinda tembo kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 kwa bunduki ya kalibri 4 ya kushindilia. Tembo walianguka, ni kweli. Lakini bunduki ile ilipiga teke kiasi kwamba baadaye alijutia kuitumia, akisema ilimharibia utulivu wa kulenga. Ndiye huyo aliyeuawa vitani Beho Beho, Tanzania ya leo, tarehe 4 Januari 1917.

Mkuki na mchi

Sasa tuje kwenye kiini. Mchi wa kutwangia ni mzito kuliko mkuki, lakini hakuna mtu anayekwenda kuwinda na mchi. Kwa nini? Uzito wa mkuki umekusanyika nyuma ya ncha ndogo, ule wa mchi umetawanyika. Risasi nayo ni hivyo hivyo. Kinachoipeleka ndani ya nyama na mfupa ni uzito uliopo nyuma ya kila milimeta ya uso wake.

Tufanye hesabu. Gololi ya kalibri 12 ina karibu gramu 0.14 kwa kila milimeta ya mraba. Lile gololi kubwa la Selous lina gramu 0.20. Sasa mchukue Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, na katika eneo la Lado, lililokuwa chini ya Mfalme Leopold, mwenye Kongo ya wakati ule. Bell alipenda bunduki ndogo ya milimeta 7, risasi yake gramu 11 tu. Ni ndogo mara kumi kuliko ile ya Selous! Lakini ni ndefu na nyembamba: gramu 0.27 kwa kila milimeta ya mraba. Kumbe ile ndogo ndiyo mkuki, na ile kubwa ndiyo mchi.

Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi kwa bunduki za namna hiyo. Siyo jambo la kusifia. Leo tembo wa Kongo ni wachache na sheria inawalinda. Lakini somo lipo. Risasi zake zilikuwa na ganda gumu lisilopasuka, na alifika hata kukata fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Kwanza alijua pa kupiga, pili risasi yake ilifika pale.

Ugumu ni jambo la pili. Risasi tupu ni laini, kucha inaikwaruza. Ikigonga mfupa wa bega la mbogo inabonyea, inakuwa pana kama sarafu, inasimama njiani. Mnyama anapata jeraha, hapati kifo. Na kila mwindaji anajua: mbogo aliyejeruhiwa ndiye mbogo wa hatari. Ndiyo maana wawindaji wa karne ya 19 walichanganya risasi na bati au zebaki ili iwe ngumu.

Kwa nini watu wa Alaska wanasubu?

Bastola nyingi zinatengenezwa kwa ajili ya kujikinga na binadamu. Risasi zake ni nyepesi, na nyingine zina tundu mbele ili zifunguke kama uyoga zikigonga mwili. Kwa dubu mwenye mafuta mazito, misuli na mfupa mnene, uyoga huo unasimama kabla ya kufika moyoni.

Kwa hiyo mwenye bastola ya .44 Magnum huko anaiacha risasi nyepesi ya gramu 15 au 16, anachukua ya gramu 20, iliyosubiwa kwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni ili isibonyee, na uso wake umekatwa bapa ili iende moja kwa moja bila kupinda. Upana ni ule ule, lakini uzito kwa kila milimeta ya mraba unapanda kutoka karibu 0.17 mpaka 0.21. Ni hesabu ile ile ya mkuki na mchi.

Lakini hebu tuulize swali la msomi: je, inafanya kazi? Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Tom Smith walichapisha uchunguzi wa visa 269 vya watu na dubu huko Alaska, tangu 1883 mpaka 2009, visa ambavyo ndani yake kulikuwa na silaha ya moto. Bastola zilifaulu kwa asilimia 84, bunduki ndefu kwa asilimia 76. Unaona ni nyingi, siyo? Ila walipolinganisha waliofyatua na wale waliokuwa na silaha bila kuitumia, hawakuona tofauti ya maana katika matokeo. Dubu anakuja kwa sekunde chache, mkono unatetemeka, nafasi ya kulenga hakuna.

Na uchunguzi wa 2008, wa Smith huyo huyo na wenzake, uliangalia kopo la kupuliza pilipili. Lilizuia dubu katika visa zaidi ya 90 kwa 100, na watu 98 kwa 100 waliokuwa karibu walitoka bila kuumia. Ndiyo, pilipili, kama hii ya jikoni kwa mama. Hata huku Afrika wakulima wa Kenya, Tanzania, Zambia na Zimbabwe wanaitumia kuzuia tembo mashambani: wanaipaka kwenye kamba za uzio pamoja na oili chafu, au wanaichoma pamoja na kinyesi kikavu cha tembo ili moshi uwafukuze.

Hatari inayorudi nyumbani

Tuseme basi mtu kwetu anasubu na kushindilia mwenyewe. Hatari kubwa haiko porini peke yake.

Kwanza, risasi ni sumu. Inayeyuka kwenye nyuzi 327, na makaa ya kawaida yanafikisha moto huo bila shida. Vumbi na moshi wake vinaingia mwilini, vinakaa mifupani miaka mingi, na vinaharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha batri za magari kiliwaachia wakaazi ugonjwa na kesi ya miaka mingi. Sasa fikiria sufuria iliyoyeyusha risasi ya batri leo, kesho inapika bugali. Na nyama iliyopigwa marisawa hubaki na vipande vidogo sana, vingine jicho halivioni.

Pili, baruti hazifanani. Baruti nyeusi ya zamani ina msukumo mdogo. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina msukumo mkali mara nyingi zaidi. Mtu akitoa ya pili kutoka katika masasi ya kisasa, akaimwaga katika mtutu uliotengenezwa kwa bomba la maji, mtutu unapasuka mbele ya uso wake.

Tatu, sheria. Uwindaji Kongo unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na silaha pamoja na masasi vinaongozwa na ile namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Ruhusa inahitajika. Na katika teritwari yetu, iliyoona makundi ya silaha ya kila aina, kijana anayekutwa na baruti nyumbani haulizwi kwanza kama ni mwindaji.

Tufanye nini?

Ukirudi kijijini usimcheke mzee na bunduki yake. Ana ujuzi wa porini ambao wewe na diploma yako huna: anajua upepo, anajua njia za mnyama, anajua saa ya kutokwenda mtoni. Mwongezee kile ulichosoma. Mwambie gololi laini haifiki kwenye moyo wa mbogo, hata bunduki ikilia namna gani, basi ampishe. Mwambie sufuria ya risasi isiguse chakula, na watoto wasikae karibu na moto ule. Mwambie asitie baruti asiyoijua. Kama shamba ndilo linaloliwa, mjaribu pilipili pamoja kabla ya kutafuta baruti.

Mambo hayo matatu hayahitaji franga hata moja, na mtu anaweza kuyaeleza jioni moja tu, watu wakiwa wameketi kuota moto.