Wakati Ujao Ndani ya Wakati Uliopita: Kiingereza na Kiswahili

Mwanafunzi wa Masasi, au wa Newala iliyo juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde, ajifunzapo Kiingereza hufundishwa kwamba neno will, likifuata kitenzi cha wakati uliopita, hugeuka kuwa would. Kanuni hiyo ni sahihi katika Kiingereza. Matata huanza anaporudi kwenye Kiswahili, akadhani kwamba kila penye would pastahili silabi -nge-. Makala haya yataka kuonyesha kwamba mambo ya mbele yatazamwapo toka zamani ni ya namna tatu, na kwamba Kiswahili huzitenganisha zote tatu na sharti.

Namna ya kwanza ni kuarifu maneno ya mtu mwingine. Tuseme mnunuzi wa korosho huko Newala asema, "Nitalipa kesho." Mkulima akiyasimulia baada ya mwezi atasema, "Alisema atalipa kesho yake." Silabi -ta- haikubadilika, kwa kuwa wakati ujao huhesabiwa tangu pale aliposimama msemaji wa kwanza. Kilichobadilika ni nafsi na neno la siku. Lakini akisema, "Alisema angelipa," msikilizaji hungojea sharti: angelipa kama nini? Ahadi imegeuka udhuru, na mbele ya baraza tofauti hiyo si ndogo.

Namna ya pili ni kusudi la zamani, ambalo Kiingereza hulieleza pia kwa was going to. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870, aliondoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Safari ilielekea upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, wakakaa papo hapo. Kiswahili chasema, "Walikuwa waende Nyasa, wakakaa Masasi," au, "Walidhani watafika Nyasa." Kusema "wangalifika Nyasa" ni habari nyingine, kwani hapo msomaji adai kuelezwa kizuizi.

Namna ya tatu ni jambo lililokuwa bado wakati ule, nasi twajua kwamba limetimia. Benjamin Mkapa alizaliwa mwaka 1938 huko Lupaso, Masasi. Siku hizi twaweza kukuta sentensi ya namna hii: "Alizaliwa mtoto ambaye angekuja kuwa Rais wa Tatu wa Tanzania." Hapo would become imefasiriwa neno kwa neno. Kwa kuwa -nge- huashiria jambo lisilokuwa, sentensi yaelekea kuukana urais alioushika tangu 1995 hadi 2005. Kiswahili kina njia yake: "ambaye baadaye alikuja kuwa Rais." Kitenzi kuja chaelekeza mbele, na -li- yashuhudia kwamba jambo lilitimia. Vivyo hivyo twasema kwamba Masasi, iliyoanza kama kituo cha misheni, ilikuja kuwa dayosisi mwaka 1926.

Basi mfasiri akutanapo na would asikimbilie silabi. Na ajiulize kwanza: je, ni neno lililosemwa, ni kusudi, ni tukio lililotimia, au ni sharti? Jibu likiwa sharti, ndipo -nge- ipate mahali pake.