Mwami akifa, nani anakaa kiti?

Kuna wachimbaji wanasema mambo ya urithi wa mwami ni ya jamaa yake peke yao. Siye wa sendika hapa Mulongwe tunasema hapana: yanafika mpaka ndani ya shimo.

Tuangalie ngambo ya ziwa, Burundi. Zamani mtoto wa kwanza hakuwa na haki ya kiti kwa sababu tu alitangulia kuzaliwa. Mapokeo yalisema mrithi anazaliwa na mbegu mkononi. Majina nayo yalizunguka: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, halafu Ntare tena. Mutaga IV alipokufa mwaka 1915, Mwambutsa IV alikalishwa angali mtoto mdogo, wakubwa wakatawala kwa niaba yake.

Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, akawa mwami wa katiba, mwenye bunge na waziri mkuu. Lakini Julai 1966, yeye akiwa Ulaya, mtoto wake Charles Ndizeye akamwondoa na kusimamisha katiba. Tarehe 1 Septemba akatawazwa Ntare V. Jina lilifuata mzunguko, ila baba alikuwa hai. Tarehe 28 Novemba, Ntare akiwa Kinshasa, waziri mkuu wake Micombero akatangaza jamhuri. Alikaa kiti kilichotawazwa hata miezi mitatu haikutimia. Aliyevunja kanuni ili apande, hakubakiwa na kanuni ya kumlinda.

Kwetu Kongo ni jamhuri, lakini bami wako. Kipengele cha 207 cha Katiba ya 2006 kinatambua mamlaka ya mila, mradi mila isipingane na Katiba wala sheria. Sheria ya 2008 inatenganisha: kwenye sekta, kama kule Fizi, baraza njo linachagua shefu, kwenye sheferi, kama Bavira na Bafuliiru, mila inamtoa shefu, halafu Leta inamtambua na kumsimika. Milango ni miwili. Aliyepita mmoja tu hajaingia nyumbani.

Sasa sikieni mambo ya makuta. Kodi ya madini wanayolipa makampuni inagawanywa kwa sheria ya 2018: Leta kuu 50%, jimbo 25%, sekta au sheferi yenye machimbo 15%, mfuko wa vizazi vijavyo 10%. Ile 15% njo barabara yetu, njo dispansari ya mama na watoto. Kama ndugu wawili wanagombania kiti, nani atatia sahihi? Na mchimbaji atalipa haki ya udongo kwa nani? Mara nyingi analipa mara mbili.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wazee wa mila waandike kanuni ya urithi mwami angali hai. Mapatano ya shimo yaandikwe kwa jina la sheferi, si la mtu. Na kila mchimbaji adai risiti yenye muhuri, aiweke vizuri. Mwami atapita kama mtu yeyote, karatasi ibaki.