Michezo ya Maneno Nyumbani na Ukuzaji wa Msamiati wa Mtoto

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu msamiati wa mtoto aghalabu huelekezwa shuleni: vitabu vya kiada, kamusi na mitihani. Makala haya yanadai kwamba msingi wa msamiati huo hujengwa nyumbani, na kwamba michezo ya maneno ina thamani ya kiisimu kwa sababu humfunza mtoto mahusiano baina ya maneno, wala si orodha ya maneno peke yake. Hoja hii ina uzito leo, kwani baadhi ya wazazi wa mijini nchini Tanzania, ambao watoto wao husoma katika shule zinazofundishia kwa Kiingereza, huwazuia kusema Kiswahili hata wakati wa chakula.

2.0 Sauti: Kinyume

Katika mchezo wa kinyume, silabi ya mwisho hutangulizwa: nyumba huwa mbanyu, nazi huwa zina na chakula huwa lachaku. Mchezo huu si mpya. Edward Steere aliuwekea mfano katika Swahili Tales, kitabu kilichotolewa London mwaka 1870. Mchezaji hana budi kulitenga neno katika silabi zake. Aidha, mkazo nao huhama: katika chakula huwa juu ya -ku-, ilhali katika lachaku huangukia -cha-. Mtoto afanyaye hivyo bila kuelekezwa amekwisha kuimiliki kanuni ya mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho.

3.0 Maumbo: Kupokezana Kitenzi

Mzazi hutaja kitenzi, na kila mmoja hukinyambua kwa zamu yake: pika, pikia, pikisha, pikika, pikiwa. Ashindwaye hutoka. Kisha huletwa soma na cheka. Mtoto asemaye *somia husahihishwa na nduguye, na kwa njia hiyo hutambua kwamba mzizi wenye irabu e au o hudai somea na chekea. Mchezo waweza kuendelezwa hadi kwenye nomino: mpishi, upishi, mapishi. Mtoto aliyeipata kanuni huweza kukisia maana ya neno asilopata kulisikia.

4.0 Maana: Paa, Mbuzi na Kitendawili

Familia yaweza kushindana kutaja maana za neno moja. Mathalani, kuna paa wa mwituni, paa la nyumba, kupaa angani na kupaa samaki. Hapo upatanisho wa kisarufi ndio unaotofautisha maana: paa huyu, paa hili. Vivyo hivyo, mbuzi huyu hula majani, bali mbuzi hii hukunia nazi. Mtoto hujifunza ngeli bila kutajiwa neno ngeli.

Kitendawili huenda mbali zaidi. Katika "Nyumba yangu haina mlango", ambacho jibu lake ni yai, mtoto hulazimika kuziacha sifa nyingi za nyumba na kubakiza moja tu, ile ya kuhifadhi kilichomo ndani. Huo ni uchanganuzi wa sifa za kisemantiki. Ashindwapo, hutoa mji ndipo apewe jibu. Kutojua huwa sehemu ya mchezo, si fedheha.

5.0 Hitimisho

Michezo hii haichukui nafasi ya kusoma. Istilahi za sayansi, kwa mfano, hupatikana zaidi vitabuni. Hata hivyo, asiyejua namna maneno yanavyozaana atazikariri istilahi hizo moja moja. Mzazi hahitaji vifaa, ila subira ya kumngojea mtoto ajibu, na busara ya kulirekebisha kosa bila kuuvunja mchezo.

Kwa upande wa utafiti, vitendawili vimekusanywa mara nyingi kama matini. Inafaa wanafunzi wa uzamili warekodi mchezo wenyewe: makosa ya watoto, masahihisho ya wakubwa na majibu yaliyokataliwa. Humo ndimo msamiati unamoonekana ukijengwa. Familia zikiacha kucheza, ushahidi huo nao utatoweka pamoja na faida yake kwa mtoto.